Gitaa la Kongolo Halihitaji Ampli ya Lampu

Kuna hukumu inayotolewa kila mara kijana wa Kongolo, mji wetu hapa Kongo, anapofungua begi na kutoa kile kisanduku kidogo cha dijitali cha kuchomekea gitaa. "Hiyo si sauti ya gitaa," wakubwa wa muziki husema. "Gitaa ni ampli, na ampli ni lampu." Nimeisikia makanisani, nimeisikia kwenye mazoezi ya orkestra za baa, nimeisikia Kalemie na Lubumbashi. Husemwa kwa upole, na husemwa na watu ninaowaheshimu, waliopiga sebene kabla sijazaliwa. Ndiyo maana naijibu kwa urefu. Neno la asiyejua muziki unaweza kulipita. Neno la mzee aliyekuonyesha jinsi ya kubana uzi linakaa kichwani, na vijana wengi wameliacha gitaa kwa sababu yake, wakisubiri siku watakayopata "ampli ya kweli". Siku hiyo haifiki.

Tuelewane kwanza tunabishania nini. Lampu ni zile chupa za kioo zinazokuza sauti ndani ya ampli za zamani. Modela ya ampli, yaani kile kisanduku, ni kompyuta ndogo yenye kazi moja. Inapokea umeme hafifu unaotoka kwenye gitaa, inaugeuza kuwa namba, inazipitisha namba hizo kwenye hesabu zinazofuata mwenendo wa ampli, wa spika yake na wa maikrofoni iliyowekwa mbele ya spika hiyo, kisha inazirudisha kuwa sauti. Si jambo la jana. Kampuni ya Line 6 ya Marekani ilitoa POD mwaka 1998, Fractal Audio ikatoa Axe-Fx mwaka 2006, Kemper ya Ujerumani ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 2010, na leo kuna visanduku vya bei ndogo kutoka Japani na China vinavyofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Hivyo vya bei ndogo ndivyo vinavyofika kwetu.

Swali langu kwa wakubwa ni hili: tunapomwambia kijana kwamba modela ni bandia, tunaipima na ampli gani? Hatuipimi na ile ya kanisani, maana ya kanisani mara nyingi ni ampli ya kinanda, na spika yake imeshapasuka. Hatuipimi na ya baa, maana baa nyingi zina miksa na spika mbili kubwa tu, na gitaa linachomekwa moja kwa moja kwenye miksa. Tunaipima na Fender au Vox tuliyowahi kuisikia Lubumbashi au Kinshasa, au tuliyoiona pichani bila kuigusa. Malumbano yote yamejengwa juu ya kifaa ambacho kijana huyo hatakikuta popote mjini. Kitu anachokikuta ni tundu la miksa.

Na tundu la miksa linaliharibu gitaa kuliko modela yoyote duniani. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna koili, waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara kwenye sumaku. Koili hiyo inataka kukutana na mlango wenye ukinzani mkubwa, wa karibu ohm milioni moja. Mlango wa laini wa miksa ya kawaida una ohm elfu kumi hivi. Hapo umeme wa koili unaelemewa, na kinachopotea kwanza ni sauti za juu, zile zinazoufanya uzi wa kwanza usikike kama uzi. Solo inatoka butu, kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi. Fundi wa sono anaongeza "treble", spika za miksa zinaanza kupiga miluzi, na mpigaji anakaza mkono ili asikike. Mkono uliokazwa hauwezi kupiga sebene.

Kuna tatizo la pili kwenye njia hiyo. Spika ya ampli ya gitaa, ile ya inchi 12, haitoi kitu cha maana ukishapita hezi elfu tano au sita. Kutotoa huko ni sehemu ya sauti ya gitaa. Spika za sono zimetengenezwa kupeleka kila kitu hadi hezi elfu kumi na tano na zaidi, kwa sababu zinahitaji matoazi na herufi za mwimbaji. Ukichomeka pedali ya overdrive kwenye miksa bila kitu kinachokata sauti hizo za juu, utapata mkwaruzo, na kosa utatupiwa wewe. Modela inatatua matatizo yote mawili kwa mpigo: mlango wake una ukinzani unaolifaa gitaa, na ndani yake kuna spika ya hesabu inayokata pale ambapo spika ya inchi 12 ingekata. Kwa hiyo hata mtu asiyetaka kusikia habari za kuiga ampli maarufu ana sababu ya kuitumia Kongolo, kwa kazi hizo mbili peke yake.

Nije kwenye umeme, maana hapa ndipo nadhani wakubwa hawajafanya hesabu. Kongolo tunaishi kwa jenereta na paneli za jua. Chukua betri ya volti 12 yenye saa-ampea 100, ile ambayo kanisa lenye bahati huwa nayo. Ndani yake kuna wati-saa 1,200, na ikiwa ni ya risasi hupaswi kutumia zaidi ya nusu usije ukaiua mapema. Zinabaki 600. Fender Twin Reverb, ampli ya lampu yenye nguvu ya wati 85, huvuta zaidi ya wati 200 kutoka kwenye umeme. Betri nzima itaisha chini ya saa tatu kwa gitaa moja, kabla hujahesabu kinachopotea kwenye inveta na kabla maikrofoni hata moja haijawashwa. Modela ya volti 9 inayovuta nusu ampea inatumia wati nne na nusu. Ukesha wa saa kumi utaigharimu wati-saa 45. Boss GT-1, mojawapo ya visanduku hivyo vya bei ndogo, hata haihitaji betri hiyo, inakwenda kwa betri nne ndogo za kalamu, zile za redio na tochi zinazouzwa kwenye kila kibanda.

Twin Reverb hiyo ina uzito wa karibu kilo 30, na ndani yake kuna vioo. Wanaosema kijana ainunue wanaijua njia ya mizigo yetu: Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli au lori, Kigoma hadi Kalemie kwa boti, Kalemie hadi Kabalo na Kongolo kwa treni siku ikipatikana, au kwa lori kwenye barabara wanayoifahamu vizuri kuliko mimi. Tuseme imefika nzima. Lampu zake zinachakaa kama kitu chochote kinachopashwa moto. Viwanda vikubwa vinavyotengeneza lampu hizo leo vinahesabika kwenye vidole: Urusi, Slovakia, China. Vita ya Ukraine ilipoanza mwaka 2022 usafirishaji kutoka Urusi ulisimama kwa muda, na wapigaji wa Marekani na Ulaya walihangaika kutafuta lampu, wakati wao wana posta inayofika mlangoni. Ndani ya ampli hiyo kuna volti zaidi ya 400 za umeme wa moja kwa moja, na kapasita zake zinaendelea kushika umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani. Fundi wa redio wa sokoni anayeifungua bila kujua hilo anaweza kufa. Siwezi kumshauri mtu aipende hatari hiyo kwa sababu ya neno "asili".

Lakini najua hoja ya umeme na barabara haiwagusi wakubwa moyoni. Watasema umaskini haugeuzi bandia kuwa halisi. Sawa. Tuzungumze basi juu ya hiyo asili.

Gitaa la Katanga lilijulikana duniani bila ampli. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco pale Jadotville, mji tunaouita Likasi. Lilikuwa gitaa kavu, gumba na kidole cha shahada, na mashine ya kurekodi iliyosafirishwa kwa gari. "Masanga" ilitoka hapo. Miaka michache baadaye Bosco na mpiga gitaa mwenzake Édouard Masengo walikuwa Nairobi, na vijana wa Kenya wakaanza kubana nyuzi kwa namna ya Katanga. Mwaka 1969 Bosco akapanda jukwaa la Newport huko Marekani. Wapigaji wa mabara yote wamekaa na rekodi ile ya 1952 wakijaribu kufuata gumba lake. Hakuna aliyekuwa anafuata lampu.

Gitaa la umeme nalo lilikuja kwetu kama kitu kigeni kabisa. Mbelgiji Bill Alexandre, mpiga jazi, alifika Léopoldville mwaka 1953 kufanya kazi na studio ya CEFA, akaja na gitaa la umeme, na wapigaji wa Kongo wakalichukua wakalifanya lao kwa haraka ambayo bado inanishangaza. Waligeuza hata nyuzi. Kwenye mi-solo wapo waliotoa uzi wa nne wakaweka mwembamba, uliopandishwa oktavu moja, ili gitaa la kati lipate nafasi yake kati ya solo na ritimi. Hiyo ndiyo akili ya muziki wetu: kifaa kinafika kikiwa na desturi za watu wengine, tunakifungua, tunakibadilisha, kinaanza kusema kwa sauti yetu. Konono N°1, bendi ya Kinshasa, walipotaka likembe isikike juu ya kelele za mji, Mingiedi Mawangu alitengeneza maikrofoni kwa sumaku za vipuri vya magari mabovu. Ule mkwaruzo, ambao fundi yeyote wa studio angeuita kasoro, ndio uliowapeleka Ulaya na albamu ya Congotronics. Hakuna mzee aliyesimama kusema likembe ile ni bandia.

Na sauti safi inayometa, ile ambayo wakubwa wenyewe wanaitaja wanapotaka kutuonyesha gitaa zuri? Roland walitoa ampli ya JC-120 mwaka 1975. Haina lampu hata moja ndani yake, ni transista tupu. Ina spika mbili za inchi 12; korasi ikiwashwa, spika moja inatoa sauti iliyonyooka na nyingine inatoa sauti inayotikisika, na zinakutana hewani mbele ya msikilizaji. Ikawa kipimo cha sauti safi kwa wapigaji wa mabara yote. Sikiliza soukous iliyorekodiwa Paris miaka ya 1980: magitaa yamejaa korasi na mwangwi wa elektroniki kutoka kwenye mashine za studio. Tulicheza, tukalia, tukaoa kwa nyimbo hizo. Hatukuuliza kama kuna lampu.

Hapa pana jambo ambalo ningependa kila mpigaji alishike, kwa sababu ndilo linalowachanganya watu wengi wanaoijaribu modela kwa mara ya kwanza. Wanasema: haisikiki kama ampli iliyosimama chumbani. Wana haki. Modela haiigi ampli chumbani, inaiga ampli iliyowekewa maikrofoni na kusikika kupitia spika nyingine. Ni sauti ya rekodi. Sasa jiulize gitaa la Franco ulilisikia wapi, na la Docteur Nico ulilisikia wapi. Wengi wetu tulilisikia kwenye santuri, kwenye kaseti, kwenye redio ya transista iliyotundikwa ukutani. Kumbukumbu yetu nzima ya gitaa kubwa la Kongo ni kumbukumbu ya ampli iliyopita kwenye maikrofoni. Mtu aliyelelewa na redio ana sababu nyingi zaidi za kuitambua sauti ya modela kuliko Mmarekani aliyekulia kwenye gereji yenye Fender. Wakubwa wanatetea sauti ya chumba ambacho wengi wao hawakuwahi kuingia, dhidi ya sauti waliyoipenda maisha yao yote.

Ninakubali kwamba kuna kinachokosekana. Ampli kubwa nyuma ya mgongo inasukuma hewa, unaisikia kwenye mbavu, na gitaa lenyewe linaitikia kwa kutetemeka. Mpigaji wa roki anayeishi kwa ule mrindimo wa spika inayorudi kwenye nyuzi atapoteza kitu. Sebene haiishi kwa mrindimo. Inaishi kwa mwanzo wa noti, kwa ule mpasuko mfupi uzi unapoachwa, na kwa ukimya mdogo kati ya noti mbili unaompa mchezaji nafasi ya kiuno.

Hoja nyingine inayorudiwa ni kwamba modela na pedali havikai pamoja: ukishanunua kisanduku, pedali zako weka kando, ama sivyo utapata kelele tu. Hii ni hukumu iliyotokana na nyaya zilizochomekwa vibaya. Niliitwa kwenye ibada moja kumsaidia kijana aliyekuwa na Boss GT-1 na pedali mbili, compressor na overdrive, zote zikipelekwa kwenye miksa. Sauti ilikuwa inachoma masikio. Kiongozi wa kwaya alikuwa tayari amemwambia azime.

"Yaya, mashine imekufa?" kijana akaniuliza.

"Haijafa. Umeiambia inaongea na nani?"

Hakuelewa swali. Kwenye mipangilio ya kisanduku hicho kuna mahali pa kuchagua kilicho mwisho wa waya: ampli ya gitaa kama JC-120, au laini na visikilizi. Yake ilikuwa imewekwa JC-120. Maana yake mashine ilidhani mbele yake kuna ampli ya gitaa yenye spika zake, ikatoa sauti ya kuifaa ampli hiyo. Mbele yake kulikuwa na miksa na spika za sono. Tuliweka laini. Kisha tukaangalia waya: ulikuwa umeingia kwenye tundu la maikrofoni, ambalo hukuza sauti mara nyingi sana kwa sababu maikrofoni hutoa umeme kidogo mno. Tukauhamishia tundu la laini. Kisha overdrive, ambayo kitufe chake cha sauti kilikuwa kimefunguliwa hadi mwisho. Pedali ya kizamani ikiisukuma ampli ya lampu kwa nguvu, lampu inakunja sauti taratibu na watu wanafurahia. Kigeuzi cha dijitali hakikunji. Kina dari, na ukifika kwenye dari kinakata wimbi kwa kisu. Tukashusha kitufe mpaka sauti ikawa na ukubwa uleule pedali ikiwa imewashwa au imezimwa. Kwaya ikaendelea. Hakuna kifaa kilichobadilishwa, na hakuna aliyesema tena habari za lampu asubuhi ile.

Pedali za fuzz ndizo zenye ukorofi wa kweli, na hapo onyo la wakubwa lina msingi. Fuzz za muundo wa zamani zina mlango wenye ukinzani mdogo, na zinataka kugusana na koili ya gitaa moja kwa moja. Ukiweka kitu kati yao zinakuwa kali na nyembamba. Iweke fuzz ya kwanza baada ya gitaa, kabla ya kitu chochote, na ugomvi utaisha. Compressor na overdrive ziingie mbele ya modela. Mwangwi na rivabu iachie modela yenyewe, izitoe baada ya ampli yake ya ndani, maana mwangwi ukiingia kwenye overdrive unakuwa tope. Na usilishe pedali zote na modela kutoka kwenye adapta moja ya bei rahisi kwa waya wa matawi. Modela inavuta umeme mara kumi na zaidi ya pedali ya kawaida, na saa yake ya dijitali inarudisha mlio mwembamba kwenye waya huo hadi kwenye overdrive. Huo mlio ndio watu wanauita "kelele ya dijitali". Kipe kila kifaa chanzo chake, au weka betri ya volti 9 kwenye overdrive, na mlio unaondoka.

Kuchelewa je? Nimeambiwa na mpiga besi mmoja kwamba hawezi kupiga na "mashine inayofikiri kabla ya kujibu". Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Modela nzuri inachelewa milisekunde mbili hadi tano. Milisekunde tatu ni mita moja ya hewa. Mpiga besi huyo husimama mita nne kutoka kwenye ampli yake jukwaani na hajawahi kulalamika juu ya milisekunde zake kumi na mbili. Tatizo la kuchelewa lipo, lakini lipo kwenye simu na kwenye kompyuta zilizochoka, pale mtu anapojisikiliza kupitia programu badala ya kujisikiliza kupitia mashine yenyewe. Hilo linatibika kwa kuchagua njia ya kusikiliza, kabla sauti haijaingia kwenye kompyuta.

Kama kuna kosa la kuitupia modela, nitalitupa mwenyewe, na wakubwa hawalisemi. Sauti zilizojazwa kiwandani hazikutengenezwa kwa ajili yetu. Kijana anawasha kisanduku kipya na anakutana na sauti mia moja zilizopangwa kwa roki na metali, nzito, zenye rivabu ya ukumbi wa watu elfu kumi. Anapiga solo ya rumba juu ya sauti hiyo na gitaa linazama chini ya ngoma na atalaku. Futa zote. Anza na ampli safi moja, kata sauti zilizo chini ya hezi 120 ili usigombane na besi, weka compressor kidogo, mwangwi mfupi unaosikika kwa shida, na korasi ikiwa wimbo unaiomba. Mpe mi-solo sauti nyembamba kidogo kuliko solo, mpe ritimi sauti kavu kabisa. Wapigaji watatu wenye visanduku vitatu vilivyopangwa hivyo wanaweza kukaa kwenye miksa ya njia nane bila kukanyagana, jambo ambalo ampli tatu zilizofunguliwa kwenye chumba cha bati haziwezi kulifanya.

Kwenye kurekodi ndipo ninaposhindwa kabisa kuielewa hukumu ya wakubwa. Kisanduku kama GT-1 kinaingia kwenye kompyuta kwa waya wa USB na kuwa kadi ya sauti. Gitaa linarekodiwa usiku, mtoto akiwa amelala chumba cha pili, jenereta ya jirani ikinguruma, na hakuna kitu cha nje kinachoingia kwenye rekodi. Na unaweza kurekodi gitaa kavu, kabla halijapita kwenye ampli yoyote, ukaichagua ampli baadaye. Wimbo wa dakika tano wa gitaa kavu la njia moja, kwa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, ni megabaiti 43 hivi. Ukibanwa kwa FLAC unapungua sana bila kupoteza kitu. Faili hiyo inaweza kwenda Lubumbashi au Dar es Salaam kwa simu, ikachanganywa na fundi mwenye spika nzuri. Mpigaji wa Kongolo hahitaji kuhama ili asikike kwenye rekodi. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, upande wa pili wa reli yetu, na gitaa likamfikisha Dar es Salaam. Baba Gaston aliondoka Lubumbashi na mwishowe akawa mtu wa Nairobi. Tuliwapa majirani zetu wapigaji wetu bora kwa sababu studio zilikuwa kwao. Kijana anayebaki nyumbani na kutuma solo yake anavunja desturi hiyo ya kuondoka, na sisi tunamwambia sauti yake ni bandia.

Nina ombi moja kwa wakubwa, na ni ombi la kazi. Zipo bado ampli za zamani za orkestra, Lubumbashi, Likasi, Kalemie, nyingine kwenye maghala ya parokia, nyingine chini ya vitanda. Zinakufa. Kuna programu huru iitwayo Neural Amp Modeler, iliyoanzishwa na Steven Atkinson, inayojifunza ampli moja mahsusi: unapitisha ishara ya majaribio ya dakika chache kwenye ampli, unairekodi inavyotoka, na kompyuta inasoma tofauti kati ya kilichoingia na kilichotoka mpaka iweze kuirudia. Ni bure. Inahitaji ampli iliyo hai kwa nusu saa tu, na jenereta iliyotulia. Sisi vijana tuna kompyuta na nyaya. Tusichokuwa nacho ni nyinyi, maana ishara ya majaribio haijui ampli ile ilifunguliwa kiasi gani. Mzee aliyeipiga ndiye anayekumbuka treble ilikaa namba ngapi saa ya sebene, ni tundu lipi la mbele lililokuwa na sauti nzuri, na kama spika ya kushoto ilikuwa imebadilishwa. Njooni mkae kwenye kiti mbele ya ampli hizo, mshike vitufe, mtuambie hapo, na sisi tubonyeze kurekodi.